Nani Anauliza? Historia ya Kupima Maarifa kwa Maswali Kwetu Maniema

Utangulizi

Ndugu msomaji, mbele ya kuanza nakuomba ujibu swali moja, bila kufungua kitabu na bila kuuliza mtoto wako: Kongo yetu iko na majimbo mangapi?

Kama umejibu 26, umejibu sawa. Lakini mzee aliyekuwa kwenye masomo mwaka wa 1960 alijibu 6, na alipata pointi zake zote. Yule aliyesoma mwaka wa 1963 aliambiwa majimbo ni 21. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mtoto kwenye masomo ya msingi, nilijibu 11, maana mwaka wa 1988 Kivu ya zamani ilikuwa imegawanywa mara tatu, na Maniema yetu ikapata kusimama peke yake. Hesabu ya 26 iliandikwa katika Katiba ya mwaka wa 2006, na majimbo yenyewe yalianza kazi mwaka wa 2015.

Ona basi: watu wanne, majibu manne, na wote walisema ukweli. Hata hivyo mbele ya mwalimu wa leo watatu watapata zero.

Katika kijitabu hiki wenzangu wanaandika juu ya ndoa, ngoma na mavuno. Mimi nimechagua desturi ambayo wengi hawaioni kama desturi: ile ya kupima akili ya mtu kwa kumuuliza maswali ya kila aina, hili la mto, hili la mfalme, hili la mnyama. Siku hizi vijana wanafikiri kwamba jambo hili lilikuja pamoja na ubao na chaki. Sivyo. Wazee wetu walipimana akili mbele ya Muzungu wa kwanza kufika huku. Kitu kilichobadilika ni yule anayeuliza, na kusudi lake la kuuliza.

1. Zero niliyoitoa mimi mwenyewe

Nitaanza na kosa langu, kusudi nisionekane kama mtu anayehukumu wengine.

Mwaka wa 2014 nilikuwa na kazi ya kutunga maswali ya shindano la maarifa kati ya madarasa. Ekipe mbili, watoto wanne kwa wanne, kengele mezani, wazazi wamekaa kwenye viti vya plastiki. Nilikuwa nimechota maswali yangu katika madaftari yangu ya zamani, toka wakati nilipokuwa mwanafunzi wa Instituti ya Ualimu. Swali moja lilikuwa hivi: "Nani alivumbua mto Kongo?" Jibu lililoandikwa kwenye karatasi yangu: Stanley.

Binti mmoja wa darasa la nne akapiga kengele wa kwanza. Akajibu bila kutetemeka: "Ni Wagenya."

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi pia nilicheka, nakiri. Nikaandika zero, swali likapita kwa ekipe ya pili, wakasema Stanley, wakapewa pointi. Mwisho wa shindano ekipe ya yule binti ilishindwa kwa pointi moja. Toka siku ile mpaka mwisho wa mwaka, hakuinua tena mkono katika darasa langu.

Wiki moja kisha, nilikuwa naingia mtumbwi kwenye kivuko ili nivuke mto, kama sisi watu wa Kindu tunavyofanya kila siku. Mzee aliyeshika kasia akanitazama, akasema: "Mwalimu, ni weye ulipatiaka mjukuu wangu zero?" Nikamwambia ndiyo. Hakukasirika. Akapiga kasia mara mbili tatu, kisha akauliza: "Niambie basi, mwanangu. Ule Muzungu wako, alivuka ku maji na miguu yake, ao kuko mutu alimuvushaka?"

Sikujibu. Akaongeza: "Na ule alimuvushaka, yeye alikuwa hajaona mto?"

Tulipofika ng'ambo nilimlipa nauli yake, na nilipanda mtelemko na lile swali kichwani. Mzee hakunihutubia juu ya ukoloni. Aliniuliza maswali mawili tu, na kwa maswali hayo mawili alinipima, nikaanguka.

2. Kando ya moto: kitendawili

Mbele ya masomo kulikuwa moto wa mangaribi. Chakula kimekwisha, watoto wamekaa, mtu mzima anaanza. Katika Kiswahili cha pwani, lugha iliyofika kwetu Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, anayeuliza anasema "Kitendawili!" na wenzake wanajibu "Tega!" Jirani zetu wanaosema Kinyarwanda wanaita "Sakwe sakwe!" na wengine wanajibu "Soma!" Warundi, na ndugu zao wa bonde la Ruzizi, wanaita "Sokwe!" na kuitikia "Niruze!" Kila lugha iko na mlango wake, lakini nyumba ni moja.

Tuangalie namna mchezo huo unavyofanya kazi. Mtu anasema: "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto anayefahamu anajibu: "Yai." Asiyefahamu anajaribu mara moja, mara mbili. Akishindwa kabisa, kwa Waswahili wa pwani anaombwa "mji": anataja mji kama malipo, muulizaji anaupokea, anajisifu kidogo kwamba ameutembelea, kisha anatoa jibu.

Mambo matatu yanatokea hapo. La kwanza: anayeshindwa hafukuzwi. Analipa mji wa maneno, na usiku huohuo anapata jibu. La pili: aliyejibu vizuri anapata zamu ya kuuliza, maana yake mtoto wa miaka nane anaweza kumpima babu yake, na babu anakubali. La tatu: vitu vinavyoulizwa ni vitu vya mahali pale, yai, giza, macho, moshi, njia. Mtoto anafundishwa kutazama tena kitu anachokiona kila siku.

Sisemi kwamba kitendawili kinatosha. Hakifundishi tarehe, wala hesabu, wala mipaka ya inchi. Lakini kila jibu liko na sababu yake. Yai ni nyumba bila mlango kwa sababu kifaranga kinakaa ndani na kinatoka kwa kuvunja ukuta. Mtoto aliyelijua jibu anajua pia kwa nini ni jibu.

3. Maarifa ya watu wazima: Bwami na lukasa

Kwa watu wazima mambo yalikuwa mazito zaidi. Kwa Walega wa Pangi na Shabunda, chama cha Bwami kilikuwa na vyeo vinavyofuatana, na kwa wanaume cheo cha juu kabisa ni kindi. Mwanamke naye alikuwa na njia yake, na bibi ya mwenye kindi aliweza kufika cheo cha kanyamwa. Hakuna aliyepanda kwa sababu ya nguvu za mikono. Mtu alihitaji mali, jamaa wa kumsaidia, mwenendo mzuri, na akili ya kufahamu.

Mafundisho yenyewe yalipita katika vitu: vinyago vidogo vya mbao na vya pembe la tembo, magamba, manyoya, kucha za wanyama. Kitu kinaonyeshwa, kinachezewa ngoma, kinasemewa methali, na anayeingizwa ni juu yake kushika maana. Mtaalamu Daniel Biebuyck, aliyekaa kwa Walega katika miaka ya 1952 mpaka 1954, alionyesha katika vitabu vyake kwamba kitu kimoja kiliweza kubeba methali zaidi ya moja, kufuatana na mahali kinapotumiwa. Mfano unaojulikana sana ni kinyago chenye nyuso nyingi kinachoitwa Sakimatwematwe, Mwenye Vichwa Vingi. Kinafundisha kwamba mwenye hekima anatazama kila upande mbele ya kukata shauri.

Tukishuka kusini, kwa Waluba wa Katanga, tunakuta lukasa. Ni kipande cha ubao kinachoenea mkononi, kimepambwa kwa shanga na vipande vya magamba, kingine kimechorwa. Watu wa chama cha Mbudye, wenye kazi ya kutunza kumbukumbu za ufalme, walipitisha kidole juu ya shanga na kusimulia: wafalme, safari, mahali patakatifu, mambo ya Nkongolo Mwamba, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga. Shanga moja haikuwa na jibu moja tu. Mtaalamu alisoma kufuatana na watu waliokuwa mbele yake na jambo lililokuwa linajadiliwa siku ile.

Msiniambie basi kwamba wazee hawakuwa na mtihani. Walikuwa nao, na ulikuwa mgumu kuliko wetu. Tena ulikuwa na ubaya wake: maarifa mengine yalifichwa, na masikini asiye na mali ya kulipa hakufika mbali. Nasema hivyo kusudi tusipambe mambo ya zamani kupita kiasi.

4. Mwaka wa 1948

Halafu wakaja wamisionere na serikali ya Wabeleji. Pamoja nao ikaja namna nyingine ya kuuliza. Katika katekisimu swali limeandikwa, na jibu limeandikwa chini yake. Kazi ya mwanafunzi ni kulirudisha jinsi lilivyo, neno kwa neno, kusudi apate ubatizo. Sitaki kudharau njia hiyo. Wazee wetu wengi walijua kusoma kwa sababu yake. Lakini ilizoesha watu jambo moja: kwamba anayeuliza anajua jibu tayari, na kwamba anayejibu hana ruhusa ya kuuliza.

Mwaka wa 1948 ni mwaka ambao kila mwalimu wa historia wa Maniema angepaswa kuuandika kwa chaki nyekundu. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilikataza Bwami. Na mwaka huohuo serikali hiyohiyo ilianzisha karata ya "mérite civique", kwa Mukongo anayeonekana amestaarabika. Ngazi moja ya heshima ilivunjwa, nyingine ikajengwa, na aliyekaa juu ya hii mpya kama muulizaji alikuwa Muzungu.

Mwaka wa 1952 ikaongezwa ngazi ya juu zaidi, ile ya "immatriculation". Aliyeiomba alichunguzwa na tume. Hawakutosheka na kumuuliza mambo ya akili. Walifika mpaka nyumbani kwake kutazama namna anavyoishi: meza, vyombo, usafi, bibi yake na watoto. Walioipata walikuwa wachache sana katika inchi ya mamilioni ya watu.

Mmoja wao alikuwa Patrice Lumumba, ambaye katika ujana wake alifanya kazi hapa Maniema, katika kampuni ya madini, mbele ya kwenda Stanleyville na kuwa karani wa posta. Ombi lake la kwanza lilikataliwa. Alilalamika, na mwaka wa 1954 akaipata ile karata. Miaka sita baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo huru. Mtu aliyesoma vitabu usiku na usiku, aliyeandika katika magazeti, aliambiwa na tume kwamba hatoshi. Kipimo kilikuwa kinapima nini hasa? Hakikupima alichokijua. Kilipima amefanana kiasi gani na yule anayempima.

5. Mwaka wa 1967: itemu

Baada ya uhuru masomo yaliongezeka, na ilihitajika kipimo kimoja kwa watoto wote wanaomaliza sekondari, awe wa Kinshasa, awe wa Lubutu. Hapo mwaka wa 1967 ukafanywa mtihani wa Serikali wa kwanza, ule tunaouita Exetat. Kila mzazi anaujua: wimbo wa taifa asubuhi, askari mlangoni, kodi kwenye karatasi, na baada ya wiki nyingi watoto wanajipaka poda nyeupe barabarani kwa furaha. Anayepata 50 kwa mia amepata diploma.

Katika mtihani huo kuna sehemu inayoitwa "culture générale", yaani maarifa ya jumla: historia, jiografia, uraia na mengine. Maswali yanaitwa itemu. Swali moja, majibu kadhaa yenye nambari, moja tu ndilo la kweli. Kwa inchi kubwa kama yetu, yenye wanafunzi maelfu na maelfu, njia hiyo iko na faida. Inasahihishwa upesi, na anayesahihisha hawezi kumpendelea mtoto wa ndugu yake kwa sababu ya mwandiko mzuri. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa gavana wanatazama karatasi moja. Hilo si jambo dogo, na mimi nalitetea.

Lakini itemu iko na ugonjwa wake. Mtoto anajifunza kutambua jibu bila kulifahamu. Nimeona wanafunzi wa darasa la sita wakikariri rundo la itemu za miaka iliyopita, nambari na herufi, kama mtu anayekariri nambari za simu. Ukimuuliza "juu ya nini ni hilo?" anakutazama kama umemtukana. Itemu inauliza "ipi?" Haiulizi "kwa nini?" wala "nani alisema?"

Tena jibu la itemu linaweza kubadilika na utawala. Mwaka wa 1971 inchi yetu ikaitwa Zaire, na mto pia ukaitwa Zaire. Mwanafunzi wa mwaka wa 1980 aliyeandika kwamba mto wetu ni Kongo aliharibu pointi zake. Mwaka wa 1997 jina la Kongo likarudi, na ikawa zamu ya yule anayeandika Zaire kupata zero. Maji hayakusikia habari yoyote. Yaliendelea kushuka kuelekea Boma.

6. Kengele mezani

Mchezo wa ekipe na kengele, ule wa shindano langu, nao uko na historia yake. Jina tunalolitumia, "Génies en herbe", lilitoka kwenye televisheni ya Radio-Canada, ambako kipindi hicho kilianza mwaka wa 1972: ekipe mbili za wanafunzi, maswali ya kila namna, anayewahi ndiye anayejibu. Toka huko kiliingia katika inchi nyingi zinazosema Kifaransa. Kwetu Kongo kiliingia katika masomo, katika parokia na katika redio za mitaa, na leo hata kijiji kisicho na umeme kinaweza kufanya shindano na filimbi mahali pa kengele.

Napenda mchezo huo. Unafanya maarifa yapigiwe makofi kama mpira. Mtoto asiye na nguvu ya miguu anashangiliwa siku moja kwa sababu ya kichwa chake. Ila unapenda haraka, na haraka haipendi mjadala. Mzee wa Bwami angetazama kinyago usiku kucha. Sisi tunampa mtoto sekunde kumi. Na kama muulizaji amekosea swali, sekunde kumi hazitoshi kwa mtoto kumsahihisha.

7. Turudi kwenye mto

Baada ya maneno ya yule mzee wa kasia nilirudi kwenye vitabu, na mambo niliyoyakuta nilipaswa kuyajua mbele ya kuuliza watoto wa watu.

Wareno, wakiongozwa na Diogo Cão, walifika kwenye mlango wa mto baharini mwaka wa 1482. Walikuta watu wa ufalme wa Kongo wakiishi pale. Huku kwetu juu, David Livingstone alifika Nyangwe mwaka wa 1871. Alikaa pale miezi kadhaa akitafuta mitumbwi ya kushuka mto, kwa maana alifikiri Lualaba ni Nili. Wenye mitumbwi hawakumpatia. Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka huo aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakipiga bunduki katika soko la Nyangwe, wakaua watu wengi, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Akarudi mashariki bila kushuka mto. Mwaka wa 1874 Cameron alifika Nyangwe, naye akakosa mitumbwi. Akapita njia nyingine, akatokea upande wa Angola.

Henry Morton Stanley alifika mwaka wa 1876. Akapatana na Tippu Tip amsindikize na watu wake wenye bunduki sehemu ya kwanza ya safari, na mwezi wa nane wa mwaka wa 1877 akafika Boma, karibu na bahari. Hapo ndipo Wazungu walipohakikishiwa kwamba Lualaba na Kongo ni mto mmoja.

Sasa tazama, ndugu msomaji. Wageni wawili walishindwa kushuka mto huu kwa sababu wenye mitumbwi walikataa. Mtu anaweza kukunyima njia asiyoijua? Wagenya waliujua mto, samaki wake, maporomoko yake na majira yake ya kujaa. Walijua pia nani wa kumvusha na nani wa kumwacha kwenye ukingo. Yule binti hakukosea. Alijibu swali kwa uaminifu kuliko mimi nilivyoliuliza.

Hata hivyo nisimnyime Stanley lililo lake. Aliunganisha vipande viwili ambavyo Wazungu walikuwa navyo tofauti, akaviandika katika ramani, na ramani ile ikamfikia mfalme Leopold II. Mambo yaliyofuata tunayajua. Kosa halikuwa katika jina la Stanley. Lilikuwa katika kitenzi "alivumbua".

8. Namna ya kuuliza vizuri

Toka siku ile nimejiwekea kanuni tatu ninapotunga maswali, nazitoa hapa kwa wenzangu walimu na kwa wazazi wanaocheza na watoto wao jioni.

Ya kwanza: weka mwaka ndani ya swali. Usiulize "majimbo ni mangapi?" Uliza "mwaka wa 1963 yalikuwa mangapi?" Ya pili: sema kwa nani. "Nani wa kwanza kufika" ni nusu ya swali. Wa kwanza kati ya watu gani? Ya tatu: nyuma ya kila jibu acha dakika moja ya "kwa nini". Pointi moja kwa jibu, pointi ya pili kwa sababu.

Haya hapa maswali matano ya kujaribu nyumbani.

Mto gani mkubwa wa Afrika unavuka ikweta mara mbili? Ni Kongo. Kwa nini ni jambo kubwa? Kwa sababu sehemu moja ya bonde lake iko kaskazini na nyingine kusini ya ikweta. Kukiwa kiangazi huku, kule mvua inanyesha, na maji hayapungui sana.

Mnyama gani aliandikwa na wataalamu wa Ulaya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1901, na anaishi porini katika Kongo peke yake? Ni okapi. Wambuti wa Ituri walikuwa wakimjua tangu zamani, na ni wao waliowapa Wazungu habari zake.

Ziwa gani la Afrika lina kina kirefu kuliko yote? Ni Tanganyika, karibu metre 1.470. Inchi nne zinakunywa maji yake: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia.

Parki ya kwanza ya taifa katika Afrika ni ipi? Ile iliyofunguliwa mwaka wa 1925 kwa jina la mfalme Albert, leo Virunga. Swali la nyongeza kwa watoto wakubwa: watu waliokuwa wakilima na kuwinda pale walienda wapi?

Tangu mwaka wa 1967 inchi yetu imebadilisha pesa mara ngapi? Mwaka wa 1967 zaire ilichukua nafasi ya faranga, mwaka wa 1993 ikaja zaire mpya, mwaka wa 1998 faranga ya Kongo. Swali hili msijibu peke yenu. Mwendee mama aliyeuza sokoni katika miaka ile, muulize alipoteza kiasi gani. Ataeleza mpaka jua litue.

Mwisho

Sisemi tuache mtihani wa Serikali, wala kengele mezani, na sisemi turudi wote kando ya moto na vitendawili. Watoto wetu wanahitaji diploma, na diploma inapita katika itemu. Nasema tu kwamba swali si kitu kitupu. Aliyelitunga ameacha alama ya mkono wake ndani yake. Mtoto tunayemfundisha kujibu, tumfundishe pia kutazama mkono ule.

Mwaka uliofuata shindano langu, nilisimama mbele ya darasa, nikamwita yule binti, nikasema mbele ya wenzake wote: "Jibu lako lilikuwa sawa. Kosa lilikuwa katika swali langu." Nikaandika ubaoni swali jipya: "Ni mwaka gani Wazungu walihakikishiwa kwamba Lualaba na Kongo ni mto mmoja, na ni watu gani waliujua mto huu mbele yao?"

Darasa likanyamaza. Yeye akanitazama kidogo, kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akainua mkono.

"Na ile pointi yetu, mwalimu?"

Ile pointi sikuweza kuirudisha. Shindano lilikuwa limekwisha, zawadi zilikuwa zimegawanywa. Nimeandika kurasa hizi kwa sababu bado ninamdai mwenyewe.